Kizimba Kisicho na Panya

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka kazini kwa marehemu mkiwa bado na vitambulisho shingoni, poleni, na asanteni kwa kufika. Historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho, fundi bomba, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na wanaomfahamu wanajua kwamba agizo lake halikuwa jambo la kujadiliwa. Tarehe zote zitakazosomwa hapa aliziandika kwa mkono wake akiwa kitandani, ili asije mtu akakisia, maana kukisia ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote, kupita hata chai iliyopoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, mpima mizigo wa stesheni, na marehemu mama yetu, mshona magunia. Mama alipenda kusimulia kwamba siku ya tatu baba alimfunga mtoto katika shuka, akaenda naye stesheni, akamlaza kwenye mizani kubwa ya magunia, sindano haikutikisika hata kidogo, naye akarudi nyumbani amenuna, hasira zake zote zikiwa kwa mizani. Tunadhani kazi ya marehemu ilianzia pale, ingawa yeye angetaka ushahidi.

Alianza darasa la kwanza tarehe 10 Januari 1972 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, ambako treni ikipita mwalimu alilazimika kunyamaza na chaki mkononi, akamaliza mwaka 1978, akaendelea na sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, na huko aliadhibiwa mara moja tu, kwa kumwambia mwalimu wa kemia mbele ya darasa zima kwamba mizani yake inadanganya. Wiki iliyofuata mizani ilipelekwa kwa fundi, ikaonekana kweli inadanganya, na mwalimu, ambaye alikuwa mtu muungwana, alimwita ofisini akamwomba radhi. Kati ya mwaka 1983 na 1985 alisomea ufundi sanifu wa maabara, akapata cheti chake tarehe 22 Novemba 1985.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia tarehe 3 Machi 1986, ilikuwa katika kiwanda cha maziwa, getini, kupima kila pipa lililoshushwa kama lina maziwa matupu au maziwa na maji ya kisima. Katika geti hilo alimkataa dereva wa lori mara mbili ndani ya wiki moja, mapipa yakarudi yalikotoka, na dereva akaapa mbele ya wapagazi kwamba yule mfupi wa getini atamtambua. Mara ya tatu dereva alikuja na mapipa mazuri na ombi la kumpeleka kutazama mpira, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na shemeji yetu, aliyeketi hapo mbele, amekuwa akisema kwa miaka thelathini na saba kwamba aliingia ndoani akiwa amekwishapimwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 18 Aprili 1989 ambaye ni muuguzi, kijana aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1992 ambaye ni fundi umeme, na binti wa mwisho aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1997 ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu wanne ambao wote walipimwa urefu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli, kila mwezi, wakitaka wasitake.

Tarehe 1 Julai 1994 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, upande wa nyumba ya wanyama, na huko ndiko alikofanya kazi miaka thelathini kasoro siku chache, na huko ndiko alikopewa jina la Mizani, ambalo wengi wenu hapa mnadhani ndilo jina lake. Kwa lugha ya kawaida kazi yake ilikuwa kupima kama panya amekata tamaa, na watu walipocheka kusikia hivyo, naye alicheka kidogo, kisha akawaeleza mpaka wakaacha kucheka. Kuna ugonjwa wa binadamu unaoitwa sonona, alisema, unaomfanya mtu apoteze ladha ya kila kitu, na dawa zake hazianzii kwa binadamu, zinaanzia kwa panya weupe wadogo, na panya hawezi kuulizwa hali, kwa hiyo inabidi umtazame anachokifanya. Walimtazama jinsi anavyochambua pamba ya kutengeneza kiota, kama anaichambua vizuri au anailalia tu ilivyo. Walimweka majini kwa dakika sita wakihesabu sekunde anazokaa bila kujitikisa, kazi ambayo marehemu hakuipenda, akaifanya kwa sharti moja tu, kwamba yeye ndiye atakayemtoa panya na kumkausha kwa taulo chini ya taa. Na zaidi ya yote walimpima kwa sukari, na hicho ndicho kipimo ambacho lazima nanyi mkielewe ili muielewe historia hii.

Kila kizimba kina panya mmoja na chupa mbili zilizoning'inizwa vichwa chini, moja ya maji matupu na nyingine ya maji yenye sukari kidogo, jioni chupa zinapimwa uzito, asubuhi zinapimwa tena, na kila siku zinabadilishwa upande ili panya asije akawa ameupenda upande badala ya sukari. Panya mzima huiendea sukari. Panya aliyesumbuliwa kwa majuma, kizimba kikiinamishwa na maranda anayolalia yakilowanishwa, kwa taratibu zilizopitishwa na kamati, hufika mahali akanywa popote tu, yote kwake sawa. Ukimpa dawa akairudia sukari, una habari njema. Lakini marehemu hakuruhusu mtu aandike katika daftari lake kwamba panya ana huzuni, aliandika kwamba amekunywa gramu mbili nukta moja upande wa kulia, na wageni waliotaka maneno matamu zaidi aliwaelekeza kwa Daktari, mtafiti mkuu wa nyumba ile, ambaye alikuwa na maneno matamu ya kuwatosha wote wawili.

Sasa historia hii inafika mahali ambapo msomaji wake angependa kuruka, lakini karatasi haimruhusu. Tarehe 4 Machi 2006 marehemu alimchukua mdogo wake wa mwisho, yaani huyu aliyesimama mbele yenu, kutoka katika chumba alichokuwa amepanga, akamleta nyumbani kwake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi mwenye wateja wake, na kwa wiki sita hakuwa amefungua sanduku la vifaa, hakuwa amenyoa ndevu, wala hakuwa na sababu yoyote ya kumpa mtu, maana hakufiwa, hakuachwa, wala hakugombana na yeyote. Baadhi ya jamaa walisema ni uvivu, wengine walisema anadeka, na marehemu, ambaye hakuzoea kumumunya maneno, aliwatoa wote sebuleni kwake. Msomaji huyu alikuwa anajulikana ukoo mzima kwa vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja, kwa hiyo kila asubuhi dada yake alimletea chai vikombe viwili, kimoja kina sukari na kimoja hakina, akidai kwamba cha pili ni cha shemeji kimesahauliwa, kisha akavirudisha jikoni na kupima mabaki kwenye mizani ya unga. Alikuwa akivibadilisha upande kila siku. Daftari la vipimo hivyo lipo, lina jalada la kijani, msomaji amelisoma lote wiki hii, na kwa miezi saba mfululizo linaonyesha kwamba alikunywa kile kilichokuwa karibu na mkono.

Wakati huo huo kazini kulikuwa na dawa mpya ya Daktari, na panya waliopewa dawa hiyo walikuwa wanairudia sukari vizuri mno, safu baada ya safu, mpaka Daktari akaanza kupiga mluzi koridoni. Marehemu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutoa habari kabla haijathibitishwa, safari hii alishindwa kujizuia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mdogo wake akamwambia ipo dawa inakuja, wanaiona kwa macho yao. Msomaji huyu hakuwa na imani na kitu chochote wakati ule, ila hicho alikishika kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikishika, alikataa kwenda kliniki kuanza dawa zilizokuwepo, akisema atasubiri hiyo yenyewe.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 17 Oktoba 2006 marehemu alikuwa anapima chupa za rafu ya chini, ya panya wa dawa, na kwa mazoea ya mkono akazipima pia chupa za kizimba ambacho panya wake alikuwa ameondolewa jana yake mchana kwa sababu ya jeraha la mguu. Chupa zilikuwa zimewekwa jioni kwa kusahau, kizimba hakikuwa na mtu. Maji matupu yalikuwa yamepungua nusu gramu na maji ya sukari yalikuwa yamepungua gramu nne. Panya asiyekuwepo alikuwa ameipendelea sukari kwa asilimia themanini na tisa, na kwa kipimo cha nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote.

Jioni ile alikiacha kizimba kikiwa kitupu kwa makusudi, akaweka chupa, na asubuhi hali ikawa ile ile, akarudia tena, na tena, bila kumwambia mtu, huku Daktari akishona suti ya kwenda kusoma matokeo mbele ya wenzake wa nje mwanzoni mwa Novemba. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 26 Oktoba aliingia ofisini na daftari, akalifungua mezani juu ya karatasi za hotuba, akasema, "Daktari, kizimba kitupu kimekunywa sukari." Daktari aliuliza mara ngapi, akajibiwa mara tisa. Alitoka naye hadi kwenye rafu, akakitazama kizimba kile, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na suruali yake safi, halafu akachukua simu akaahirisha safari. Ieleweke kwamba angeweza kumfukuza, na pia angeweza kulifunga daftari na kupanda ndege, na kwa kutofanya lolote kati ya hayo familia hii inamheshimu hadi leo.

Kilichokuwa kigumu zaidi kilikuwa nyumbani. Alirudi mchana, akaketi kwenye ukingo wa kile kitanda bila kuvua viatu, akamwambia mdogo wake kwamba dawa ile hawaijui tena, huenda haina kitu, na kwamba aliyemwambia ipo ni yeye, kwa hiyo amlaumu yeye. Alikuwa analia, na kwa kuwa hakujua aweke wapi mikono alitoa mfukoni kizibo kimoja cha mpira cha zile chupa za sukari, akakigeuzageuza, mpaka mdogo wake akanyoosha mkono akakichukua. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa ni mara ya kwanza kushika kitu cha kazi tangu mwezi wa kwanza.

"Huu mpira umekufa," alisema. "Mnauchemsha?"

Marehemu alimweleza kwamba chupa za sukari na za maji hazichanganywi, ndiyo sheria yake mwenyewe, na za sukari huchemshwa kila siku kwa sababu zinanata. Mdogo wake akauliza kama kuna kitu kinachotikisika karibu na rafu ya chini, akaambiwa ndiyo, nyuma ya ukuta ipo mashine ya kuoshea vizimba, na inaendeshwa kila siku jioni baada ya chupa kuwekwa. Akamwambia basi mpira umekakamaa kwa kuchemshwa, haufungi tena, na mashine ndiyo inayokunywa sukari yao, tone moja moja, na chupa za rafu za juu hazitikisiki ndiyo maana hazivuji. Kisha akauliza kwa nini panya wa dawa wamewekwa chini na wasio na dawa juu. Marehemu alifuta pua, akasema, "Kwa sababu wa dawa nawashika kila siku, na mimi ni mfupi."

Hapo walicheka, wote wawili, mpaka shemeji akaja kuchungulia mlangoni. Usafi wake na ufupi wake, vitu viwili visivyo na kosa hata kimoja, vilikuwa vimeungana kutengeneza uongo uliodumu miezi kumi na moja.

Asitoke mtu hapa akasimulia kwamba kizibo cha mpira kilimponya mgonjwa, kwa sababu marehemu angefufuka kukukanusha. Kilichomponya ni kliniki, ambako dada yake alimsindikiza Jumatatu tarehe 30 Oktoba 2006, dawa za kawaida zilizokwishapimwa na watu wengine wasiojulikana waliofanya kazi yao sawasawa, mazungumzo ya kila Jumatano na mama mmoja mtulivu sana, na miezi kumi na minne, ambayo miwili kati yake ilikuwa mibaya kuliko ya mwanzo. Alirudi kazini tarehe 7 Januari 2008, akaanza kwa kubadilisha koki ya jirani. Yeye kizibo kilimsaidia kitu kimoja tu, kuondoka kwenye kungoja.

Utafiti ulirudiwa kwa vizibo vipya na rafu zilizochanganywa, na dawa ya Daktari ikaonekana haina tofauti na maji, naye akaliandika hilo na kulitangaza, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Tangu mwaka huo hakuna kipimo cha sukari kilichofanyika katika nyumba ile bila kizimba kimoja kitupu kuwekwa katika kila rafu, chenye chupa mbili na kadi yake, na watu wa maabara nyingine walipokuja kujifunza waliuliza panya yuko wapi, marehemu akawajibu kwamba huyo ndiye anayewalinda wengine. Mwaka 2015 dawa nyingine ilipimwa mbele ya kizimba hicho kitupu, ikapita, na mwaka 2021 ilianza kujaribiwa kwa watu, na tunaambiwa inaendelea vizuri, ingawa marehemu alituonya tusiseme zaidi ya hapo. Alistaafu tarehe 9 Juni 2024.

Mwezi Oktoba mwaka huo alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akalazwa tarehe 3 Novemba, na tarehe 8 Novemba madaktari walituambia ni saratani ya kongosho, imekwishasambaa. Aliuliza takwimu, wakampa, akashukuru. Katika wodi alipima maji aliyokunywa kwa kikombe chenye mistari na kuwasahihishia wauguzi chati yao mara mbili, kwa adabu. Tarehe 12 Januari 2025, mdogo wake akiwa amekaa naye, alimuuliza kama anazikumbuka zile siku tisa za kizimba kitupu, akasema kuna jambo amelibeba miaka kumi na minane na hataki kwenda nalo. "Tatu zilikuwa za kazi," alisema. "Zile sita zilikuwa zako. Kila asubuhi nilitumaini kitakuwa hakijanywa." Mdogo wake alimjibu kwamba kama ni deni limekwishafutwa siku nyingi, na kwamba hajawahi kupendwa na mtu kwa namna ile, wala hatarajii. Walikaa hivyo mpaka muda wa wageni ukaisha.

Alifariki dunia tarehe 21 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mumewe na watoto wake wote wakiwepo, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi minane na siku kumi na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita kwa kumwambia ukweli kila alipouliza, majirani waliopanga viti na kuwalaza wageni wasiowajua katika vitanda vyao, Daktari, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na bado amepanda ngazi kufika hapa, wafanyakazi wote wa nyumba ya wanyama, na kwa namna ya pekee yule mwenzenu mmoja aliyebaki kazini asubuhi hii kulisha na kubadilisha maji, kwa sababu panya hawana likizo ya msiba, na marehemu ndiye ambaye angekuwa wa kwanza kuuliza nani amebaki.

Ilipoamuliwa nani asome, kikao cha familia kilipendekeza kaka mkubwa, kwa hofu iliyo wazi na yenye upendo kwamba msomaji huyu atavunjika katikati. Marehemu alipopelekewa habari hizo kitandani alisema atasoma huyu huyu, na akinyamaza msimwinukie, hesabuni kwanza mpaka ishirini. Kaka mkubwa ameketi mstari wa mbele na nakala ya pili mfukoni mwa koti, na msomaji amemwona akihesabu kwa midomo mara mbili.

Kaka, asante, iache humo humo mfukoni. Dada, nimefika mwisho wa karatasi. Pumzika kwa amani.